Kifungu cha Arobaini na Saba

Saa tatu asubuhi, Jokkmokk, na jua halijaamua
kama leo litakuja.
Nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri.
Wino wa kalamu yangu umeganda, umekuwa kijiti,
basi naandika kwa penseli, kama mtoto wa darasa la kwanza,
hatima ya ndege iliyogharimu kushinda hospitali tatu.

Ukiona vyaelea, vimeundwa.
Sawa. Vimeundwa. Mimi nalipwa kwa swali linalofuata:
vimeundiwa nani?

Kitabu cha matakwa kina kurasa mia mbili na kumi.
Kifungu cha tatu: ipae kwenye njia fupi yenye theluji.
Jumanne ilipaa, ikabakiza mita mia tano ambazo haikuzihitaji.
Kifungu cha kumi na tisa: iwake baada ya kulala nje.
Ililala nje mara nne; kila alfajiri ilikohoa mara moja,
kama baba mkwe anayetaka watu wajue ameamka,
ikawaka.
Mafuta, rada, redio, kelele masikioni mwa rubani:
imetimiza, imetimiza, imetimiza.
Watu wa kiwanda wakaanza kucheka kwa sauti,
wakanimiminia kahawa nisiyoiomba.
Mgema huyu alishasifiwa tangu Stockholm;
mimi nimetumwa kuonja kama tembo lina maji.

Kifungu cha arobaini na saba ni mstari mmoja na nusu:
machela sita zipakiwe kwa dakika nane,
na wapakiaji waliovaa mavazi kamili ya baridi.

Mlango wa nyuma hufunguliwa kwa mpini
mdogo, mzuri, uliozamishwa ubavuni
ili upepo usiusumbue.
Sajenti Inga-Maret Utsi akausogelea na glavu zake,
ngozi ya kulungu wa kaskazini nje, sufu ndani,
alizoshonewa na shangazi yake.
Vidole havikuingia.
Akajaribu kwa ukingo wa kiganja. Akajaribu kwa kisu.
Saa yangu ya kupimia ilikuwa mbioni.
Kule kwenye theluji, wale sita waliojifanya majeruhi
wakaacha mzaha.

Kisha akafanya ambalo askari yeyote angelifanya:
akaivua glavu kwa meno,
akashika chuma.

Mlango ulifunguka. Dakika sita na sekunde arobaini, machela zote ndani.
Watu wa kiwanda wakapiga makofi.
Inga-Maret hakupiga. Alikuwa bado pale mlangoni.
Tulimmwagia ile kahawa nisiyoiomba
(ndipo ilipopata kazi)
vidole vikaachia, ila ngozi ya ncha mbili
ikabaki kwenye mpini, nyeupe, kama stempu.

"Muda umetimia," akasema Kanali Brolin,
mtu mwema, amebakiza miaka miwili astaafu,
na aliyewaahidi wabunge ndege hizi kabla theluji haijayeyuka.
"Muda umetimia, Gunvor. Mpini si kifungu."
Alisema kweli. Nilipekua kurasa zote mia mbili na kumi;
neno mpini halimo.
Neno kidole halimo.

Nikaufikiria usiku usio na kahawa.
Nikamfikiria aliyelala kwenye machela ya sita,
anasikia mtu akikwaruza mlango kwa nje,
akikwaruza, akikwaruza.

Haijatimiza.

Kiwanda kimesema mpini mpya utachukua miezi kumi na minne.
Kanali hakunisemesha mpaka Luleå.
Inga-Maret alisinzia garini, mkono kwenye bandeji,
glavu moja mapajani, bado ina umbo la ngumi.

Kabla ya kuondoka niliupima ule mpini: uwazi, sentimita tatu na nusu.
Nikaipima na glavu: tano na robo.
Ripoti yangu ndiyo hiyo. Kurasa tisini zilizobaki ni adabu tu.